Mpira kwa Mpira: Namna ya Kukiharakisha Kirushio cha Roboti

Timu nyingi zikiona kirushio chao kinatoa mipira kwa kusuasua, hukimbilia kutafuta mota kubwa zaidi. Mota inaagizwa Dar es Salaam, inafika Tabora kwa basi, inafungwa, na mipira inaendelea kutoka kwa mwendo uleule wa jana. Kumbe mpira ukishaligusa gurudumu hupita na kutoka ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde hivi, mara nyingi chini ya hapo. Muda unaokula mechi uko kwingine: mpira unaofuata unachelewa kufika, au gurudumu halijarudisha kasi liliyopoteza kwa mpira uliotangulia, au programu inasubiri ruhusa isiyokuja. Mwongozo huu unahusu pengo hilo kati ya mpira na mpira.

Hapa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, jambo hili lilikuwa na uzito zamani za misafara. Mwaka 1871, Waarabu wa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, walipopigana na Mtemi Mirambo, silaha ya kawaida ilikuwa gobore: umimine baruti mdomoni, utie risasi, ushindilie kwa mdeki, utege, ndipo ufyatue. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa akikaa kwenye tembe la Kwihara, alikuwa na Winchester iliyobeba risasi zaidi ya kumi, na kilichotakiwa kati ya risasi na risasi kilikuwa kuvuta mkono wa chuma tu. Gobore haikushindwa kwa nguvu ya baruti. Ilishindwa kwa namna ya kuleta risasi inayofuata, na kirushio cha roboti yako kinaugua ugonjwa huohuo.

Nitachukulia kwamba tayari mna kirushio kinachofanya kazi: gurudumu moja linalozungushwa na mota, na juu yake kofia, yaani bati au plastiki iliyopindwa, mpira upite katikati ya viwili hivyo. Nachukulia pia kwamba kinafunga mabao mpira ukiwa mmoja mmoja. Kama hata huo mmoja hauingii, acheni kwanza habari ya kasi.

Je, kasi ndiyo shida yenu?

Piga hesabu ya mzunguko mzima kabla ya kushika bisibisi. Katika msimu wa 2025–2026 wa mashindano ya FIRST Tech Challenge, ulioitwa DECODE, roboti haikuruhusiwa kubeba zaidi ya mipira 3 kwa wakati mmoja. Tuseme roboti yenu inakusanya mipira 3 kwa sekunde 8, inasogea na kulenga kwa sekunde 3, na kurusha yote 3 kwa sekunde 1.5. Mzunguko mmoja ni sekunde 12.5. Katika dakika 2 za kuendesha kwa mkono mtapata mizunguko 9 kamili. Mkishusha muda wa kurusha hadi sekunde 0.6, mzunguko unakuwa sekunde 11.6, nanyi mnapata mizunguko 10. Mpaka hapo mmeongeza mipira 3. Si haba, lakini mngeacha kirushio kama kilivyo na kupunguza muda wa kukusanya kutoka sekunde 8 hadi 6, mngefika mizunguko 11.

Mchezo unaoruhusu roboti kuwa na kapu kubwa la mipira una hesabu nyingine. Katika FIRST Robotics Competition ya 2017, iliyoitwa Steamworks, mipira ya plastiki yenye matundu ilimwagwa uwanjani kwa mamia na hapakuwa na ukomo wa kubeba. Roboti yenye mipira 40 tumboni ikirusha 2.5 kwa sekunde inasimama mbele ya goli sekunde 16. Ikirusha 5 kwa sekunde inasimama sekunde 8. Hapo kasi ya kurusha ndiyo mchezo wenyewe. Katikati ya hali hizo mbili kuna michezo kama Infinite Recharge ya 2020, ambayo roboti ilibeba mipira 5 ya sponji. FIRST Global nayo, ambako kila nchi hupeleka timu moja, hubadilisha mchezo kila mwaka; ule wa Geneva mwaka 2022 ulikuwa wa mipira. Kwa hiyo soma kanuni za mwaka wako, piga hesabu kama hiyo hapo juu, kisha amua. Kasi ya kufyatua peke yake haitoshi: Mirambo aliichoma Tabora Agosti 1871 ingawa waliompinga walikuwa na bunduki tele. Aliwavizia njiani wakiwa wamebeba nyara, na bunduki mkononi mwa mtu mwenye mzigo kichwani haina kasi yoyote.

Pima kwa simu

Saa ya kubonyeza kwa kidole haifai, kwa sababu kidole kina uvivu wake. Chukua simu yenye kurekodi video ya mwendo wa polepole, nyingi siku hizi zinafikia fremu 240 kwa sekunde, uiegemeze pembeni ya kirushio ili mdomo uonekane. Jaza mipira kama mnavyojaza kwenye mechi, rusha yote, kisha pitia fremu moja moja na uandike namba ya fremu kila mpira unapouacha mdomo.

Mfano: mpira wa 1 umetoka fremu ya 0, wa 2 fremu ya 58, wa 3 fremu ya 190, wa 4 fremu ya 251, wa 5 fremu ya 380. Ukigawa kwa 240, mapengo yanakuwa sekunde 0.24, 0.55, 0.25 na 0.54. Wastani ni kama mipira 2.5 kwa sekunde, ila usiutazame wastani. Tazama sura ya mapengo. Fupi, refu, fupi, refu: hiyo ni alama ya mipira miwili inayogombea mlango mmoja, mmoja unapita na mwenzake anakwama kidogo kabla ya kufuata. Hapo hata mota ya treni haitawasaidia.

Mapengo yakilingana lakini yote yakawa marefu, mlisho wenyewe, yaani njia inayoleta mipira kwenye gurudumu, ni wa polepole. Yakianza mafupi na kurefuka taratibu, gurudumu linachoka, au betri, na programu inasubiri kasi irudi. Na ikiwa mapengo ni mafupi na yamelingana vizuri, lakini mpira wa 2 na wa 3 inaanguka mbele ya goli, basi mlisho ni mzima na gurudumu ndilo linaloachwa nyuma. Kwa hiyo kila jaribio liandikwe mambo mawili: mpira ulitoka lini, na uliingia au haukuingia. Timu inayojisifia mipira 6 kwa sekunde huku 3 ikipiga ukuta inarusha mipira 3 kwa sekunde na kuokota mingine.

Mlisho, ambako kazi kubwa iko

Nimeona virushio vingi vya shule, na vingi vilichelewa hapa. Kosa la kawaida ni mkono wa sevo unaosukuma mpira mmoja, unarudi, unasubiri, unasukuma mwingine. Sevo ikichukua sekunde 0.2 kwenda na 0.2 kurudi, umeshajifungia kwenye mipira 2.5 kwa sekunde hata kama gurudumu lingekuwa la ndege. Hakuna mstari wa programu utakaoivuka hesabu hiyo. Tumia sevo kama lango: lifunguke mara moja, mkanda ulete mipira mfululizo, lifungwe ikiisha.

Mkanda nao una hesabu rahisi. Mipira ikifuatana ikigusana, umbali kati ya kitovu cha mmoja na cha mwingine ni kipenyo cha mpira. Mpira wa DECODE una kipenyo cha karibu sentimita 12.7. Ukitaka 5 kwa sekunde, safu lazima isonge sentimita 63.5 kwa sekunde. Sasa sikiliza hapa, maana wengi hupotea: kama mkanda uko upande mmoja tu na upande wa pili ni ukuta uliotulia, mpira unabingirika juu ya ukuta na kusonga kwa nusu ya mwendo wa mkanda. Kwa hiyo mkanda wako unatakiwa ukimbie mita 1.27 kwa sekunde. Timu inapima mkanda, inaona mwendo unatosha, halafu inashangaa mipira inatoka nusu ya ilivyotarajiwa.

Mlisho wa upande mmoja una kero nyingine. Mipira yote inabingirika kuelekea upande mmoja, kwa hiyo pale mpira wa mbele unapogusana na wa nyuma, nyuso zao zinasuguana zikienda kinyume: wa mmoja unapanda, wa mwenzake unashuka. Mipira laini ya sponji hung'ang'aniana hapo, mmoja unampanda mwenzake, na safu inasimama. Dawa ziko tatu. Weka mikanda pande zote mbili, mipira isonge bila kubingirika. Au punguza msuguano wa ukuta kwa plastiki nyororo, ili mpira uteleze badala ya kubingirika. Au acha nafasi kati ya mpira na mpira kwa kufanya kipande cha mwisho cha mkanda kiende kasi kuliko cha nyuma yake, mipira iachane yenyewe inapovuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Mimi napenda ya tatu, kwa kuwa nafasi ile inalipa gurudumu muda wa kupumua na kihisi kinapata pengo la kuhesabia.

Kapu likiwa na mdomo wa faneli, utakutana na mgando. Mipira miwili inafika mlangoni pamoja, inabanana kama daraja, na mipira yote ya juu inakalia daraja hilo. Aliyewahi kusimama kwenye mashine ya kusaga anajua: mahindi yanagoma kushuka, mwenye mashine anagonga bati kwa kiganja, yanashuka. Roboti haina kiganja, basi ipe njia nyingine. Fanya faneli iwe na upande mmoja wima na mwingine ulioinama, isilingane, maana daraja hujengeka vizuri pale pande mbili zinapofanana. Weka kijiti cha raba kinachozunguka polepole karibu na mlango, kizunguke kinyume cha uelekeo wa mipira. Na mlango wenyewe usiwe wa upana wa mpira mmoja na nusu. Huo ndio upana mbaya kuliko yote. Ama upana wa mpira mmoja na sentimita moja au mbili za nafasi, ama mpana kabisa wa kupitisha miwili bila kugusana.

Mwisho wa mlisho, tega mpira wa kwanza karibu na gurudumu kadiri inavyowezekana bila kuligusa. Sentimita 3 zinatosha. Kihisi cha mwanga kikatwe na mpira huo, mkanda usimame, nanyi mko tayari mkiwa bado mnaendesha kwenda golini. Ukiona mpira wa kwanza unachelewa kuliko mingine, karibu kila mara ni kwa sababu uliachwa mbali.

Gurudumu: uzito, gia, na kasi inayoporwa

Kila mpira unapora nishati kutoka kwenye gurudumu. Tuuchukue mpira wa gramu 75 unaotoka kwa mita 6 kwa sekunde. Mwendo wake wa mbele pekee una jouli 1.35. Ongeza kujizungusha kwake, maana kofia inaufanya ubingirike, na ongeza kinachopotea kwa kuteleza na kuminywa. Jouli 4 kwa mpira ni kadirio la kufanyia kazi.

Upande wa pili weka gurudumu: sahani ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 10 na unene wa milimita 8, uzito karibu nusu kilo. Kwa kuwa kofia imetulia, mpira hutoka kwa karibu nusu ya mwendo wa ukingo wa gurudumu, hivyo ukingo unatakiwa uende mita 12 kwa sekunde, sawa na mizunguko 2,300 kwa dakika. Sahani hiyo kwa kasi hiyo imehifadhi jouli 18. Mpira ukichukua 4, zinabaki 14, na kasi inashuka kwa asilimia 12. Mpira wa pili ukifika kabla ya kasi kurudi, utatoka mwendo wake ukiwa umepungua kwa asilimia 12, na kwa kuwa umbali hufuata mraba wa mwendo, utaanguka karibu asilimia 22 kabla ya pale ulipolenga. Ndiyo ile mipira ya 2 na ya 3 inayoanguka mbele ya goli.

Ongeza sahani ya pili ya aina hiyo kwenye ekseli, akiba inakuwa jouli 36 na anguko linashuka hadi asilimia 6 hivi. Gharama yake ni kwamba gurudumu linachukua muda mrefu zaidi kuanza kutoka kusimama. Gharama hiyo inalipika kirahisi: msilizime kabisa. Liache lizunguke kwa kasi ya chini wakati mnakusanya, na lipandishwe mnapoanza kugeuka kuelekea golini. Kuna ujanja mwingine ambao watu hawautumii vya kutosha. Badala ya kuongeza sahani kwenye ekseli ya gurudumu, weka sahani ileile kwenye ekseli ya pembeni inayozunguka mara mbili zaidi kwa gia au mkanda wa meno. Akiba yake inakuwa mara nne, kwa uzito uleule.

Sahani atakutengenezea fundi kereza. Nenda na mchoro wenye vipimo, si picha ya kwenye simu, na ukishamwamkia mwambie jambo moja ambalo hutakubali lipunguzwe: tundu liwe katikati kabisa. Mengine anaweza kukadiria. Ukirudi nayo, ipitishe kwenye ekseli yenye beringi nzuri, iache ijizungukie hadi isimame, uweke alama ya chaki upande wa chini. Rudia mara kadhaa. Kama alama inaishia chini kila mara, upande huo ni mzito: toboa kidogo hapo, si ukingoni kabisa, urudie mpaka isimame popote inapotaka. Mafundi baiskeli wa mjini hutambua gurudumu lisilo na uwiano kwa kuligusa tu fremu likizunguka, na mkimwalika mmoja kwenye klabu atawafundisha kwa mchana mmoja mambo ambayo kitabu hakisemi.

Sasa mota. Mota ya umeme wa moja kwa moja ina tabia moja ya kukumbuka: nguvu yake ya kuzungusha hupungua kadiri inavyokaribia kasi yake ya mwisho, na ikifika huko haina nguvu tena. Timu inachagua gia zinazofikisha gurudumu mizunguko 2,500 ya mwisho, inafanyia kazi 2,300, inafurahi kwamba “kasi inatosha”. Lakini pale kwenye 2,300 mota imebaki na asilimia 8 tu ya nguvu yake ya kuanzia, na kila mpira ukipita kasi inajikongoja kurudi. Badilisha uwiano wa gia ili kasi ya mwisho iwe 3,600. Nguvu ya kuanzia pale kwenye gurudumu inapungua, ndiyo, lakini ukiwa kwenye 2,300 unabaki na nguvu ya kurejesha kasi karibu mara tatu ya ile ya mwanzo. Mota ni ileile. Kilichobadilika ni gia ya shilingi chache.

Na kama bado mnataka kujua mota inatosha, zidisha: jouli 4 kwa mpira, mipira 5 kwa sekunde, ni wati 20 za kweli zinazofika kwenye gurudumu, mfululizo. Baadhi ya mota za volti 12 za roboti za shule zinaweza kuzitoa zikiwa kwenye gia nzuri na betri imejaa. Mkitaka mipira 10 kwa sekunde, fungeni mbili.

Programu isiwe mlinzi mkali kupita kiasi

Hii naipitisha haraka, kwa sababu marekebisho yake ni machache ingawa watu hukesha nayo usiku kucha.

Njia rahisi ya kulinda kasi ya gurudumu zito ni hii: ikiwa chini ya lengo, toa umeme wote, ikiwa juu, kata kabisa. Hakikisha mota imepangwa iachwe ijizungukie inapokatwa umeme, isifungwe breki, la sivyo itang'atana na gurudumu na kuchemka. Ukiona kasi inayumba sana, ongeza umeme wa msingi: kiasi cha volti kinachotosha kulishikilia gurudumu kwenye lengo likiwa halina mpira, kisha marekebisho madogo juu yake. Umeme huo upimwe kwa volti halisi za betri za wakati ule, maana programu inayotoa “asilimia 70” asubuhi hutoa pungufu jioni.

Penye kero kubwa ni sharti la “tayari”. Mtu anaandika kwamba lango lifunguke tu kasi ikiwa ndani ya mizunguko 10 ya lengo. Kasi inapita hapo, inapitiliza, inarudi, inapita tena, na lango linasubiri kama mtu anayesubiri treni isiyo na ratiba. Usikisie kipimo hicho. Weka kasi 2,200, rusha mipira kumi mmoja mmoja; 2,250, kumi tena; endelea hadi 2,400. Kama inaingia kuanzia 2,250 hadi 2,350, basi hapo ndipo mpaka wenu, na hakuna sababu ya kusubiri zaidi ya hapo. Mkirusha kutoka karibu na goli mpaka huo utapanuka, na hilo pekee linaweza kuwapa kasi zaidi kuliko kifaa chochote mtakachonunua.

Jambo moja zaidi: mpira huchukua muda kutoka langoni hadi kwenye gurudumu, sema sekunde 0.15. Fungua lango wakati kasi bado inapanda, ili mpira na kasi vifike pamoja.

Kofia, raba na vumbi la kiangazi

Nafasi kati ya gurudumu na kofia ndiyo inayoamua kama mpira utashikwa au utateleza. Mpira wa sponji unaweza kuminywa sentimita 2 au zaidi. Ule wa plastiki ngumu hauminyiki, kwa hiyo gurudumu lenyewe ndilo liwe laini. Ikiwa nafasi ni kubwa, mpira unateleza, mwendo wake unabadilika kila mara na gurudumu halipungui kasi sana, jambo linalodanganya watu wafikiri mambo ni mazuri. Ikiwa ndogo mno, kila mpira unalipunguzia gurudumu kasi kupita kiasi. Fungeni kofia kwa bolti zenye nafasi ya kuweka washa, mbadilishe kwa milimita 2 au 3, mkipima kwa video ileile.

Kama magurudumu ya raba ya dukani hayapatikani, duara la plaiwudi lililovishwa tyubu ya baiskeli linafanya kazi, alimradi tyubu imegundishwa kwa solusheni uso mzima. Isiyogundishwa hutanuka kasi ikipanda, ikaanza kupigapiga kofia.

Halafu vumbi. Kiangazi cha Tabora kinaingiza vumbi jembamba mpaka ndani ya sanduku lililofungwa. Likikaa juu ya raba, mshiko unapungua na mapengo yenu yanabadilika bila mtu kugusa kitu. Futa raba kwa kitambaa chenye maji kidogo kila baada ya mazoezi, na mfanye mazoezi kwa mipira iliyochakaa pia, maana ya mashindanoni haitakuwa mipya kila mechi. Mipira ya sponji iliyoliwa ukingo ni midogo na laini kuliko mipya. Itenge, uipime peke yake. Na tafadhali, mazoezi yafanyike uwanja wa shule. Ua wa lile tembe la Kwihara ni mpana na unavutia, lakini ile ni makumbusho.

Betri na usalama

Gurudumu, mkanda, kapu na magurudumu ya kutembea yakivuta umeme kwa pamoja, volti huanguka, na kirushio kinachelewa sekunde ileile mnayokihitaji. Simamisha magurudumu ya kutembea kabla ya kufyatua au yaendeshwe polepole. Kagua viungio vya waya kwa kidole baada ya zoezi. Kiungio chenye joto kinakula volti zenu. Betri zichajiwe umeme ukiwapo, si usiku wa kuamkia safari, kwa kuwa usiku huo ndio hukatika.

Sahani ya chuma inayozunguka mara 2,300 kwa dakika si kitu cha kuchezea. Ifunikwe pande zote isipokuwa mdomo. Miwani kwa kila aliye karibu, mtandio na mikono mirefu ifungwe, na mtu mmoja tu awe na mamlaka ya kusema “washa”. Anayetoa mpira uliokwama achomoe betri kwanza, hata akiambiwa mechi inaanza.

Kabla ya kupanda basi

Kateni kipande cha plaiwudi chenye unene uleule wa nafasi kati ya gurudumu na kofia mliyoipata kwa majaribio, mkiandike jina la kazi yake, mkifunge kwenye sanduku la vifaa. Kuwe na kingine cha kipimo cha lango. Safari ndefu ya basi hulegeza nati, na nati ya kofia ikilegea milimita 2, hesabu zote za hapo juu zimebadilika. Wekeni alama ya rangi inayovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye bati. Alama ikikatika, nati imetembea. Bebeni tyubu ya akiba, solusheni, washa za ukubwa wote mlizotumia, na sevo moja ya lango, kwa sababu sevo ndiyo hufa kwanza.

Mkifika, kabla ya kupeleka roboti kwa wakaguzi, pitisheni plaiwudi kati ya gurudumu na kofia pande zote mbili, kushoto na kulia. Kisha simu, mipira 5, video moja. Linganisheni mapengo na yale mliyoyaandika nyumbani. Yakitofautiana kwa zaidi ya sehemu ya ishirini ya sekunde, anzeni kutafuta kwenye mlisho.